Kima Kaondoka, Mkia Umebaki: Kwa Nini Picha Zilizoharibika za Wanyama Hutuchekesha

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Wakati wa likizo tulivuka kwenda Unguja na familia, tukatembelea msitu wa Jozani na pwani ya Kizimkazi, na tuliporudi tukawapeleka watoto Kidike kuwaona popo. Nilipiga picha nyingi kwa simu na karibu zote zimeharibika. Kima punju kaacha mkia tu pembeni, pomboo ni duara la maji, popo wametoka weusi kama matambara yaliyoanikwa mtini, na picha niliyoamini ni ya paa nunga imekuja kuonekana kuwa ni kisiki. Shemeji yangu, mwenye kamera kubwa, alipiga picha safi kabisa. Lakini jioni tulipokaa kuziangalia, zake zilipita kimya kimya na zangu zilirudiwa mpaka mama mkwe akawa anafuta machozi kwa kucheka. Naomba kuelezwa: kwa nini picha mbovu zichekeshe kuliko nzuri? Je, kuna ubaya kuwatumia watu picha hizi kwa mzaha? Na je, nizifute?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah, ndugu msomaji. Umeuliza mambo matatu, na la kwanza ndilo lenye mengi, kwa hiyo niruhusu nilikalie zaidi.

Si kweli kwamba picha mbovu huchekesha kwa kuwa ni mbovu. Zipitie tena zako na utaona zimo ambazo hakuna aliyezicheka: iliyotoka nyeusi tupu, iliyotikisika mpaka haijulikani mti ni upi na mtu ni yupi, na ile ya kidole chako mwenyewe kilichoziba lenzi. Hizo watu walizipita haraka sawasawa na walivyozipita za shemeji yako. Zilizorudiwa ni zile ambazo nia yako bado inaonekana waziwazi ndani yake. Katika picha ya mkia, naamini tawi liko katikati, mwanga umeingia vizuri, majani yametoka safi, na anayetazama anaelewa mara moja kwamba mtu alisimama pale, akatuliza mikono, akazuia pumzi, akabonyeza kwa matumaini makubwa. Kisha macho yanahamia pembeni na kukuta kipande cha mkia kikimalizikia kutoka. Kicheko kinazaliwa katika umbali huo baina ya kilichokusudiwa na kilichopatikana, na ni lazima pande zote mbili zionekane ndani ya picha moja. Nia isipoonekana, hakuna cha kucheka wala cha kutazama. Nia ikitimia, inakuwa picha ya shemeji yako, ambayo watu huisema "mashaallah" na kuendelea na nyingine.

Kwetu Visiwani jambo hili lina uzito wa ziada kwa sababu ya namna tulivyozoea kupigwa picha. Picha kwetu ni shughuli ya heshima: mwanamme huweka sawa kofia, mwanamke hutengeneza mtandio, watoto hupangwa kwa kimo, na mpigaji huhesabu kabla ya kubonyeza. Hata vijana wanaopigana picha za simu Forodhani jioni hawapigi hivi hivi. Hupanga mabega kwanza. Tunapomwelekezea kamera kima, bila ya kufikiri tunamtarajia aingie katika adabu hiyo hiyo, atulie, atazame mbele, angoje. Naye, ambaye hajui kwamba yumo katika shughuli yoyote, anajikuna, anatupa kisogo, au anaondoka zake. Kwa hiyo wanaocheka hawamcheki kima hata kidogo. Wanakucheka wewe, uliyetoa mwaliko ambao mwenzio hakuupokea, na wanakucheka kwa upole kwa sababu kila mmoja wao anayo picha ya namna hiyo ndani ya simu yake.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika maandishi yake ya mwaka 1900 kuhusu kicheko, alishikilia kwamba hakuna cha kuchekesha nje ya mambo ya kibinadamu, na kwamba tunapomcheka mnyama ni kwa kuwa tumegundua kwake mkao au sura ya mtu. Rai hiyo inaeleza vizuri nusu ya jambo lako. Kima punju hula majani, na tumbo lake lenye vyumba huyachachusha majani hayo polepole, ndiyo maana mara nyingi huonekana limefura. Anapokaa juu ya tawi baada ya kula, miguu ikining'inia, mikono imelala mapajani na nywele nyeupe zimemzunguka uso, ni vigumu kwa Mzanzibari kutomwona mzee aliyetoka sasa hivi kula biriani ya Sikukuu. Lakini nusu ya pili, yaani mkia peke yake na duara la maji, haielezeki kwa njia hiyo, kwa sababu katika picha hizo mnyama mwenyewe hayumo. Binadamu anayeonekana ndani yake ni mpigaji, ingawa hakujipiga.

Inafaa sasa kujua kwa nini ulishindwa, maana baadhi ya sababu zenyewe zinachekesha kuliko picha.

Tuanze na Jozani. Chini ya miti mirefu mwanga ni hafifu kuliko macho yanavyodhani, kwani jicho la mtu hujirekebisha bila ya kutoa taarifa, ilhali simu hulazimika kuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi. Tuseme imechukua sehemu ya 15 ya sekunde. Kima anayeruka kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde husogea zaidi ya sentimita 30 ndani ya muda huo, kwa hiyo hata angekuwa katikati ya picha angetoka kama mchirizi wa rangi ya kutu. Hapo bado hatujahesabu kuchelewa kwako mwenyewe. Tangu jicho lione mpaka kidole kibonyeze hupita takriban robo ya sekunde, na kwa kasi ile ile kima ameshasogea zaidi ya mita moja; ukiwa umevuta zuumu mpaka mwisho, fremu yako haina nafasi ya mita moja. Anayebaki ndani ya picha ni sehemu ya mwisho kuondoka. Mkia wa kima punju kwa kawaida ni mrefu kuliko kiwiliwili chake, na humfuata nyuma anaporuka ukimsaidia kuweka mizani, basi si ajabu kwamba simu za wageni wa Jozani zimejaa mikia. Kwa hesabu hii, mkia ndio hasa ulipaswa kuupata.

Jingine ni fokasi. Simu huchagua kwa upendeleo kitu kilicho karibu na chenye mistari inayoonekana vizuri, na msituni kitu hicho karibu kila mara ni jani. Matokeo yake ni picha ambayo jani limetoka kwa ufasaha wa kustaajabisha, mishipa yake yote inahesabika, na nyuma yake kuna wingu lenye macho mawili. Simu za siku hizi zina ujanja mwingine pia: hupiga fremu kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha ziwe picha moja iliyo safi zaidi. Ujanja huo unafaa sana kwa mlango wa kale wa Mji Mkongwe, ambao haujongei, lakini kima aliyegeuza kichwa baina ya fremu mbili anaweza kutoka na vichwa viwili hafifu au asiwe na kichwa kabisa. Ukitumia ile picha ya mapana, inayohitaji uzungushe simu polepole kutoka upande hadi upande, na yangeyange akawa anatembea ufukweni kuelekea unakozungushia, utapata ndege mrefu mwenye miguu sita. Mimi binafsi naiweka picha ya aina hiyo juu ya zote, kwa sababu hapo mashine nayo imekuwa na nia yake, na nia hiyo nayo imeshindwa.

Kuhusu pomboo wa Kizimkazi sina maneno mengi. Pomboo hutoa pumzi na kuvuta nyingine kwa muda usiofika sekunde moja, na wewe unaanza kuinua simu baada ya kusikia pumzi hiyo. Duara la maji ni kumbukumbu sahihi ya mahali alipokuwa. Anayetaka kumpata pomboo mwenyewe hana budi aache kulenga pale alipotokea, alenge mbele ya uelekeo wake, kisha asubiri. Na ajue kwamba mara nyingi atakuwa amekisia vibaya na atapata duara halina hata mviringo.

Kidike ni hadithi tofauti, kwa sababu popo hawakimbii. Popo wa Pemba hulala mchana juu ya miti mirefu, wakiwa wamejifunika kwa mbawa ambazo zikikunjuliwa hufikia mita 1.6, na unawatazama kutoka chini huku mbingu nyeupe ikiwa nyuma yao. Simu inapima mwangaza wa mbingu, inaona ni mkali, inapunguza, na popo wanageuka weusi. Dawa yake ni ndogo: gusa popo kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwangaza kwa kidole hadi rangi ya manyoya ianze kuonekana, mbingu itapauka kabisa, lakini hukwenda Kidike kupiga mbingu. Ila kabla hujaziacha picha zile za matambara, zitazame kwa makini uone kama hamna popo mmoja aliyekaa kinyume na wenzake, kichwa juu, ameshika tawi kwa vidole gumba vya mbawa, mwili umenyooka kuelekea chini. Wengi wakimwona hudhani anawapungia mkono, au amechoka kuning'inia, na humpenda kuliko wote. Ukweli ni kwamba anajisaidia. Popo wa jamii hii hawezi kufanya haja yake kichwa kikiwa chini bila ya kujichafua, kwa hiyo hujigeuza kwa muda mfupi, akamaliza, akarudi katika hali yake. Ukimwona mmoja wao anageuka juu yako, hapo si pa kuendelea kusimama ukitafuta fokasi.

Kuhusu kisiki, usijilaumu. Paa nunga ni mdogo, ana rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, ni mwoga mno, na hupenda kupita chini ya miti wanamolisha kima ili aokote majani na matunda yanayodondoka. Mtu aliyekwisha kuambiwa hayo na mtembezaji anaingia msituni akiwa na umbo la paa tayari akilini, na akili iliyo tayari hukamilisha yenyewe kile ambacho jicho limekiona nusu. Ndiyo sababu picha ya kisiki huwachekesha hata wale wasiopenda mambo ya wanyama: katika picha ya mkia mnyama alikuwapo akaondoka, lakini kisiki ulikiheshimu wewe mwenyewe, ukakinyatia, ukawanyamazisha watoto kwa ajili yake.

Pengine umewahi kuona picha za wanyama za kuchekesha zinazoshinda tuzo, na ukajiuliza kama zako ni za jamii hiyo. Si za jamii hiyo. Tuzo mashuhuri zaidi ya kimataifa ya picha za kuchekesha za wanyamapori ilianzishwa mwaka 2015 na Paul Joynson-Hicks, mpiga picha Mwingereza aliyefanya makazi yake Tanzania, pamoja na mwenzake Tom Sullam. Mwaka 2020 ilichukuliwa na Mark Fitzpatrick kwa picha ya kasa wa Australia aliyenyanyua kikono chake majini kana kwamba anamtolea mpigaji kidole cha matusi, na mwaka 2022 ilikwenda kwa Jennifer Hadley kwa picha ya mtoto wa simba akianguka kutoka mtini huko Serengeti, miguu yote minne hewani. Picha hizo hazikushindwa hata chembe. Zina fokasi, mwanga na wakati uliopatikana kwa ustadi. Aliyeteleza ni mnyama, na mpigaji alikuwa macho. Kwako imekuwa kinyume chake, mnyama amefanya kila kitu sawasawa na aliyeteleza ni wewe. Ni vichekesho viwili tofauti, na kwa maoni yangu cha pili kina ubinadamu zaidi, ijapokuwa hakitakupa tuzo.

Tofauti hiyo ndiyo inayonipeleka kwenye swali lako la pili, la kuwatumia watu picha kwa mzaha. Maadamu anayechekwa ni mpigaji, sioni ubaya wowote. Mtu ana ruhusa ya kujitania mwenyewe. Uangalifu unahitajika pale kicheko kinapomhamia mnyama, na hasa maelezo tunayoyaandika chini ya picha. Tumelelewa tusimcheke kiumbe kwa alivyoumbwa, na katika suala hili malezi yanakubaliana na elimu ya wanyama, kwa sababu sura tunazozisoma kuwa ni furaha mara nyingi si furaha. Kima au nyani anayeonyesha meno huku midomo imevutwa nyuma mara nyingi ana hofu au anasalimu amri, na anayepiga miayo mikubwa mbele ya watu huenda anaonya. Zilizagaa miaka ya nyuma video za mnyama wa Asia aitwaye lorisi, jamaa wa mbali wa komba wetu, akitekenywa huku amenyanyua mikono juu, na mamilioni ya watu wakaona raha. Watafiti wakaeleza kwamba kunyanyua mikono ni namna yake ya kujihami, kwani tezi zake za sumu ziko upande wa ndani wa mikono, karibu na kiwiko. Kwa hiyo ukiandika "kima anatucheka" chini ya picha ya kima aliyekenua meno kwa kuwa mlimsogelea mno, umegeuza malalamiko yake kuwa kichekesho chako.

Vivyo hivyo na pomboo. Utafiti uliofanywa katika maji ya kusini mwa Unguja umeonyesha kwamba boti za watalii zinapowakaribia, pomboo hupunguza kupumzika na kula na huongeza kusafiri. Picha ya duara la maji iliyopigwa na mtu aliyetulia ndani ya boti moja inachekesha. Picha ya migongo mitatu ikikimbia katikati ya boti kumi, hata ikiwa imeharibika namna gani, mimi singeituma kwa mzaha. Ukitaka kupima, jiulize mnyama angefanya nini kama usingekuwapo. Ikiwa jibu ni lile lile alilokuwa akilifanya, cheka utakavyo.

Je, uzifute? Zile nyeusi na za kidole futa leo. Nyingine subiri kidogo, na sababu yangu si mapenzi ya kumbukumbu tu. Wanasayansi waliowachunguza pomboo wa Kizimkazi huwatambua mmoja mmoja kwa alama na mipasuko ya pezi la mgongoni, kwa hiyo picha ambayo mtu wa kawaida angeitupa, isiyo na kichwa wala mkia bali pezi tu likizama, kwao inaweza kuwa na thamani kuliko picha ya pomboo aliyeruka vizuri akiwa mbali. Kamera za mtego, zile zinazofungwa mtini na kujipiga zenyewe mnyama anapopita, hutoa shehena za matako, masikio na vivuli, na bado ndizo zilizotupatia picha za kwanza za kanu wa Unguja, mnyama mdogo wa usiku mwenye madoa, aina isiyopatikana pengine popote, zilizochapishwa mwaka 2003 kutokana na kazi iliyofanywa Jozani. Huko Bara, mwaka 2005, kamera za namna hiyo katika Milima ya Udzungwa zilimnasa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye hakufanana na aliyejulikana. Wataalamu wakamfuata, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya, sange mwenye uso wa kijivu.

Lakini usivuke mpaka kwa kuamini kwamba kila ukungu una mnyama ndani yake. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha video ya usiku ya mnyama aliyedaiwa kuwa ni chui wa Unguja, ambaye wengi wanaamini ametoweka, na mabishano yaliyofuata yalihusu kwa kiasi kikubwa ukubwa wa kiumbe kisichoonekana vizuri ndani ya picha isiyo na kitu cha kukilinganisha nacho. Kwa hiyo, ukipiga kitu usichokijua, piga na nyingine ya mahali pale pale mnyama akishaondoka, na umsimamishe mtu mzima penye alama ya mnyama alipokuwa, ili baadaye kimo kiweze kupimwa.

Unapozihifadhi, usizikate wala kuzitia rangi. Acha nakala halisi, kwani ndani yake mna tarehe, saa na pengine mahali. Ukiwa na picha unayodhani ina maana, mpelekee mhusika wa hifadhi kama faili na si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, ambayo hubanwa na kupoteza maelezo hayo yote. Na kama siku moja kisiki kitakuwa kweli paa nunga, watumie jamaa picha, lakini usitangaze kichaka alichokuwamo, maana wapo wanaomwinda na wao pia wana simu.